Kitenge cha Winifilida

Simu ya Otmar ilinikuta jikoni kwangu Ruhuwiko, namenya numbu, viazi vyetu vya kienyeji, mikono imejaa udongo mweusi, nikaibonyeza kwa kifundo cha kidole na kuiweka spika. "Dada Skola," akasema, "Mwalimu anakuja." Hakusema mwalimu yupi wala sikuuliza. Kwa sisi tuliowahi kuwa kikundi kimoja cha maigizo hapa Songea, Mwalimu ni mmoja tu, Mwalimu Rajabu, mtu wa Tanga, aliyekuja kufundisha Kiswahili na akaondoka na jina kubwa. Otmar, ambaye zamani alikuwa mpiga ngoma wetu na sasa ni mzee wa kanisa mwenye kitambi, akaeleza kwamba Mwalimu amezeeka na binti yake anamzungusha kuwaaga marafiki wa zamani. Angefika Jumamosi, tungekula naye mchana kwenye ukumbi ule ule wa Majengo, na Jumapili alfajiri wangegeuza gari kurudi Dar. "Na wewe ndiye uliyeendelea na kazi ya kuandika," akasema, "kwa hiyo tumekupanga useme maneno machache ya shukrani." Nikamuuliza shukrani ya nini. "Ah, dada, si ndiye aliyetufundisha?" Nikamwambia nitakuja. Kisha nikarudi kwenye numbu zangu, nikazimenya zote, hata zile nilizopanga kuzipika Jumatatu, kwa sababu siku ile mikono yangu haikutaka kuachana na kisu.

Vijana wa vyuo na watangazaji huniuliza kila mara ninatoa wapi sauti za watu wangu, hawa mama na babu wa kwenye michezo yangu ya redio ambao msikilizaji akiwasikia tu anajua ni wa kusini. Wanataka niwaambie habari za mababu, za ngoma ya lizombe, za ukungu wa milima ya Matogoro asubuhi. Waandishi wenzangu wakiulizwa hivyo husema wanaandika kwa mapenzi ya kwao, na wanapigiwa makofi. Mapenzi na mimi ninayo, lakini hayajawahi kuniamsha alfajiri yakanikalisha mezani na shuka mabegani. Kinachoniamsha ni hasira. Kwetu kulinipa masikio, hilo sikatai, ila mtu aliyenifanya nishike kalamu ni Mwalimu Rajabu, na hakunifanya hivyo kwa kunifundisha. Katika michezo yangu, kila mwalimu mwenye kitambaa cheupe mfukoni hufa vibaya. Mmoja nilimtumbukiza chooni. Mwingine nilimpa ugonjwa wa tumbo sehemu nne mfululizo, mpaka mkuu wangu wa kazi akaniita kuniuliza nina nini na walimu. Nikamwambia sina neno na walimu, nina neno na kitambaa.

Mwaka aliokuja Mwalimu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninakaa Mfaranyaki kwa mama mdogo. Alikuwa mama lishe. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na banda la mbele lenye mabenchi, na kati ya banda na chumba palikuwa na mlango usio na ubao, pazia tu, hivyo nikiwa nimelala ndani nilisikia kila neno la wateja wake: walimu, makarani, madereva, watu wa kuja kutoka mikoa yote, wakilalamikia baridi yetu na kusifia maharage yake. Jina lake la ubatizo lilikuwa Winifrida, jina ambalo mwenyewe hakuliweza. Sisi Wangoni na majirani zetu wengi, lugha zetu za nyumbani hazina r. Ulimi unakutana nayo shuleni, na mama mdogo shuleni hakukaa sana. Alijiita Winifilida, bila haya yoyote. Mto aliuita Luvuma, na Ruhuwiko kwake ilikuwa Luhuwiko. Siku moja nilijitia msomi nikamwambia vibao vinasema vingine. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata uso. "Aliyeandika kibao alikuja juzi," akasema. "Mto ulikuwepo."

Na alikuwa na neno moja ambalo mtaa mzima ulilijua. Saa ya chakula ikikaribia alisimama mlangoni pa banda, mkono kiunoni, akaita: "Kalibuni jamani, kalibuni, ugali umeiva." Hakuita kwa kelele. Aliita kama anayemwita mtu wake wa nyumbani, anayejua huyo mtu ana njaa na yuko karibu. Nimefanya kazi na waigizaji wenye sauti ghali, na sijapata hata mmoja wa kuniitia watu kwa neno lile wakageuka. Mafundi baiskeli walikuwa wakiweka spana chini. Mzee Saidi, jirani yetu wa Tunduru aliyeuza korosho, alikuwa akicheka na kusema kwamba akiisikia kalibuni ya mama Winifilida hata kama ameshakula anasikia njaa upya.

Mwalimu Rajabu alikuja bandani kama mteja wa kawaida. Alikuwa kijana bado, mwembamba, shati jeupe, kitambaa cheupe kimekunjwa mfukoni, na Kiswahili chake kilitiririka mpaka makarani waliacha kutafuna wamsikilize. Mama mdogo alimpenda siku hiyo hiyo. Alimwita Mwalimu Lajabu, naye akatabasamu. Kwa kuwa alikuwa Mwislamu na banda letu Jumamosi liliuza nguruwe, mama mdogo alitoa sufuria mpya ambayo haikuwahi kukaa jikoni, akaipaka alama ya rangi nyekundu kwenye ukingo wake, akasema hii ni ya Mwalimu, asiiguse mtu. Akitaka kumpikia kuku alimbeba akiwa hai mpaka kwa Mzee Saidi achinjwe kwa bismillahi, kisha akarudi naye. Hakuna aliyemwomba kufanya hivyo. Mimi ndiye niliyeiosha sufuria ile, na niliiosha peke yake, na maji yake peke yake.

Mwalimu alikula pale karibu kila siku. Kabla ya kunywa togwa alikuwa akikipangusa kikombe mdomoni kwa kitambaa chake, taratibu, kukizunguka chote. Mama mdogo akanieleza kwamba ndiyo adabu ya watu wa Pwani. Akishamaliza kula hakuondoka. Alivuta kigoda karibu na jiko, akauliza maswali. "Mama, hebu nisimulie tena yule jirani aliyeibiwa mbuzi." Mama mdogo akasimulia, mikono ikienda huku na huku, mwiko hewani. "Hebu sema tena hilo neno, mama, linanifurahisha." Akasema tena. Nilikuwa nyuma ya pazia nikimenya vitunguu, nawasikia wanavyocheka, na nilijiona mwenye bahati kwamba msomi kama yule anaona raha nyumbani kwetu. Mama mdogo alianza kusuka nywele kila wiki. Kumbe mwenzake alikuwa anavuna.

Ndiye aliyeniingiza kwenye kikundi. Tulifanya mazoezi alasiri kwenye ukumbi wa Majengo, wenye sakafu ya saruji na harufu ya magunia, maana zamani ulikuwa ghala. Mchezo ulimhusu mama ambaye mwanawe kaenda mjini hataki kurudi, mpaka anarudishwa maiti, na mama huyo nilipewa mimi. Ila ulimi wangu ulikuwa wa nyumbani. Mwalimu akatuwekea punje ya hindi chini ya ulimi, sisi wote wa huku, tukaimba barabara, redio, rudi, barabara, redio, rudi, huku yeye anapita na fimbo akipiga mapigo kwenye benchi. Nilijitahidi sana kiasi kwamba r ikafurika, ikaingia hata isikoalikwa. Siku ya zoezi kubwa nilitakiwa kupiga magoti na kusema, mahali hapa ndipo alipolala mwanangu. Nikapiga magoti, machozi ya kweli yananitoka, nikasema, "Mahari hapa ndipo ariporara mwanangu." Ukumbi ulikufa kwa kicheko. Mwalimu akangoja watulie, kisha akauliza kwa ile sauti yake laini, "Skolastika, huyu mtoto kafa au kaolewa?" Otmar alianguka juu ya ngoma yake. Mimi nilibaki magotini.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mdogo siendi tena. Akanisikiliza, akanipakulia. Dagaa wa Nyasa, wakavu, na ugali wa moto. "Wewe utaludi," akasema. "Jifunze hiyo l yake nyingine. Uiweke. Siku moja utaihitaji." Kwa sikio la mgeni hapo alisema upuuzi, l nyingine, lakini ndivyo alivyoiona, kwamba ni l ya watu wengine tu, kitu cha kuazima, wala si ya juu kuliko ya kwake. Nikajifunza. Nilijifunza kwa hasira, nikitembea kati ya Mfaranyaki na Majengo na punje yangu mdomoni, mpaka siku moja r ikakaa mahali pake na l ikakaa pake, na nikaweza kuchagua. Mwalimu akanisifu mbele ya wenzangu. Sikumshukuru.

Wiki ya onyesho alikuja bandani akiwa na furaha nyingi. Alikula, akapangusa mdomo, akamwambia mama mdogo kwamba ameongeza kipande kidogo kwenye mchezo, kuna mama mwenye nyumba anakaribisha wageni, na kipande hicho atakicheza yeye mwenyewe kwa kuwa wasichana hawatoshi. "Kwa hiyo naomba uniazime kitenge, mama. Kile chako kizuri." Kile kizuri kilikuwa kimoja tu, cha kijani chenye ndege wa manjano, alichokivaa Pasaka na Krismasi na harusini. Mama mdogo aliingia chumbani akakitoa sandukuni. Ingawa kilikuwa kimeshanyooka, aliwasha pasi ya mkaa, akakinyoosha tena, akakikunja akampa kwa mikono miwili. "Nitakirudisha kesho yake, mama," Mwalimu akasema. "Ludisha tu ukimaliza, mwanangu," akajibu. Akanigeukia baada ya Mwalimu kutoka, uso umemjaa fahari. "Kitenge changu kinaenda kuigiza."

Siku yenyewe alifunga banda. Sikumbuki siku nyingine ya kazi aliyowahi kulifunga. Alikuja na Mzee Saidi, wakakaa benchi la mbele, yeye kajipaka mafuta, viatu miguuni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nangoja zamu yangu na niliona ukumbi wote kupitia pengo. Walikuwepo wakubwa wa mkoa, walimu, mapadri, na watu wa redio waliotoka Dar na mashine yao ya kurekodi. Mwalimu akatoka amejifunga kitenge, kilemba kichwani, mto tumboni. Watu wakaanza kucheka. Mama mdogo alipiga makofi. Nilimwona akimgusa Mzee Saidi begani, akimwonyesha kwa kidole, nami nilijua anasema nini ijapokuwa sikumsikia, anasema kile kitenge changu. Ndipo Mwalimu akaweka mkono kiunoni akaita, "Kalibuni jamani, kalibuni, mimi ndiye Mama Filida, ugali umeiva, mboga zimelala."

Ukumbi ulipasuka. Wakubwa walijipiga mapajani. Mwalimu akaendelea, na kila alichosema nilikuwa nimekisikia nikimenya vitunguu: mbuzi wa jirani, mwiko hewani, Luvuma, Luhuwiko, malahaba, mpaka ile namna yake ya kunusa chungu kabla ya kukifunika. Alimfanya mjinga. Mbuzi wa masimulizi ya mama mdogo aliibiwa na ikasikitisha, mbuzi wa Mama Filida aliibiwa huku Mama Filida akimfungulia mwizi mlango na kumwambia kalibu. Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa bado anatabasamu, tabasamu lile lile la kitenge, hajui alipeleke wapi. Watu wa Mfaranyaki waliokaa nyuma yake walikuwa wanageuka kumtazama na kurudi kucheka. Mzee Saidi alitaka kusimama, mama mdogo akamshika mkono akamkalisha. Wangesimama, mama mdogo angekuwa amekubali kwamba anayechekwa ni yeye. Alikaa mpaka mwisho, akanitazama nikilia juu ya mwanangu wa uongo, na r zangu zote zilikuwa mahali pake, na mkipenda kujua ni lini nilianza kazi hii, basi ni pale, nikilia machozi ambayo hayakuwa ya mchezo.

Kesho yake mchana Mwalimu alikuja kula. Nakwambia alikuja, akakaa kwenye benchi lake, akatoa kitambaa. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria yake yenye alama nyekundu na nilikuwa nataka kuipasua juu ya kichwa chake, mama mdogo akaninyang'anya, akampakulia kama kawaida, nyama iliyochinjwa na Mzee Saidi. "Mama, uliona?" Mwalimu akauliza. "Walivyofurahi? Watu wa redio wanakitaka kile kipande." Mama mdogo akasema, "Niliona." Akarudi jikoni. Mwalimu alikula akamaliza, akapangusa mdomo, akaaga, na habari ya kitenge hakuigusa. Nilipomfuata shuleni kwake siku chache baadaye kukidai, akaniambia kimeingia kwenye sanduku la mavazi na sanduku limetangulia Dar, kitarudi, nisiwe na wasiwasi. Naye uhamisho ulimjia kabla ya mvua.

Mnajua yaliyofuata, hata kama hamkujua yalianzia wapi. Mama Filida alivuma redioni, kisha kwenye kanda, kisha kwenye televisheni. Nchi nzima ilisema kalibuni jamani. Wauza nguo waliita wateja hivyo, makondakta pia, na watu waliokuwa hawajui Songea iko upande gani wakijua tu kwamba huko ndiko wanakosema vile. Nilimwona mara ya kwanza kwenye televisheni ya duka moja Majengo, amejifunga kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, na watu tuliosimama nao kibarazani wakicheka, watu wa hapa hapa, wenye l zao vinywani. Lakini hayo yote ningeyavumilia. Jambo nisilolisamehe lilitokea mlangoni petu. Watoto wa mtaa walianza kupita bandani wakiita kalibuni Mama Filida, kisha watu wazima nao, kwa utani, bila ubaya, na mama mdogo akaacha kulisema neno hilo. Mama lishe, jamani. Saa ya chakula alisimama mlangoni akawapungia watu mkono. Mteja akibisha hodi alijibu, "Pita." Alichuja maneno yake yenye r moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, akaacha neno kurudi akasema njoo tena, akaacha neno kufurahi akasema nimependa, mpaka yale yaliyobaki yakawa machache mno, akaona shida ya nini, akawa anaongea Kingoni tu na mimi, na wateja anawaonyesha kwa mwiko. Banda lilipoa. Mafundi baiskeli walihamia kwa mwingine mwenye maneno. Hakuwahi kumtaja Mwalimu kwa ubaya. Sufuria aliiosha akaifunika juu ya kabati, akakataza isipikiwe kitu. Alipokufa, miaka mingi baadaye, niliondoka Dar, nilikokuwa nafanya kazi ya redio, kwa basi la kwanza, nikapekua sanduku lake nikijua kabisa kwamba kile kitenge sitakikuta. Tulimzika na kitenge kipya cha dukani, kigumu, ambacho hakuwahi kukivaa hata siku moja.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Majengo. Nilivaa vizuri. Ilikuwa baridi ya mwezi wa saba, ile inayopenya vidirishani, na Mwalimu aliletwa na binti yake akiwa na koti zito la kijivu na kofia. Amezeeka, lakini msimwonee huruma haraka, alikuwa mzima, meno yake, macho yake, na kitambaa cheupe mfukoni. Nilimpa shikamoo kwa kuwa nililelewa. "Marahaba, marahaba, Skolastika," akasema, r zinamtiririka vile vile, "nasikia michezo yako. Nilipanda mbegu nzuri." Tukala. Kabla ya kunywa soda aliupangusa mdomo wa chupa, taratibu, kuuzunguka wote. Kisha Otmar akamkaribisha azungumze, naye akazungumza bila kuinuka. Alisema msanii ni mtoto wa kwao. Alisema Pwani ndiyo iliyompa ulimi, na kwamba asiye na asili hana sanaa. Binti yake, mama wa makamo mwenye uso wa kupendeza, akauliza mbele ya watu, "Na Mama Filida je, baba? Hujawahi kutuambia ulimtoa wapi." Mwalimu akacheka kidogo. "Kichwani mwangu, mwanangu. Kutoka hapa." Akagonga kofia yake.

Nilikuwa nimeandika hotuba. Ilikuwa na kila kitu, na jina la mama mdogo, na neno mwizi ndani yake. Nilipolisikia lile neno lake, kutoka hapa, nikaiacha hotuba kwenye mkoba. Ulimi alipewa na kwao, sawa, lakini maneno aliyachota kwetu, na hotuba haiwezi kumlipa mtu tendo kama hilo jinsi alivyolitenda. Otmar aliponiita nikasimama, nikasema, "Mwalimu, mimi si mtu wa hotuba. Nitaigiza kidogo, kama zamani. Naomba uniazime koti lako." Akafurahi sana. Alivua mwenyewe, binti akamsaidia mikono, akanipa. Lilikuwa bado na joto lake. Nikalivaa, nikachukua kitambaa changu nikakikunja mfukoni, nikavuta kiti katikati ya ukumbi, nikakaa kama alivyokuwa akikaa kwenye kigoda chetu, goti juu ya goti.

Nilianza na kikombe. Nilikipangusa tu, taratibu, na binti yake akawa wa kwanza kucheka, akaziba mdomo. Nikanywa, nikatazama huku na huku, nikafungua kinywa, na ile r aliyonifundisha kwa punje ya hindi, niliyoitunza kwa ajili yake siku zote hizo, nikaitoa yote. "Mama Winifrrrida. Karrribu. Siyo kalibu, mama, karrribu." Ukumbi ukaangua kicheko. Nilimpata kwenye shingo, kwenye vidole, kwenye namna ya kungoja watu watulie kabla ya kuuma. Nilimla kuku mzima nikiuliza kama limebaki paja. "Mama, hii sufuria nyekundu ni yangu peke yangu? Wasiitie mkono hawa. Hebu sema tena lile neno, linanifurrrahisha. Simulia tena mbuzi." Nikawa nainama kusikiliza, nikiokota maneno hewani moja moja na kuyatia mfukoni mwa koti, na kila nililotia nililipigapiga lisitoke. Binti alikuwa anafuta machozi. "Baba huyo," akasema, "baba mtupu." Mwalimu naye alikuwa anatabasamu. Nililitambua tabasamu lile. Lilikuwa halijui liende wapi, na watu waliokaa nyuma yake walikuwa wanageuka kumtazama na kurudi kucheka.

Ndipo nikainuka, nikanyoosha mikono miwili kama anayepokea kitu kilichonyooshwa kwa pasi. "Asante, mama," nikasema. "Kitenge kizurrri. Ndege wa manjano. Nitakirrrudisha kesho." Otmar aliacha kucheka. Wale wa Mfaranyaki waliokuwemo, wachache waliobaki, wakaacha pia, na vijana wao wakawatazama kuuliza kuna nini. Binti ndiye aliyechelewa, alicheka peke yake kidogo, kisha akamtazama baba yake na akaona uso wake. "Baba," akasema, "mama Winifrida ni nani?"  Mwalimu alikuwa ananitazama mimi, na midomo yake ilikuwa inatafuta neno, mtu yule ambaye hakuwahi kukosa neno. Sikumsaidia. Nilirudi kwenye kiti changu na koti nikiwa nimelivaa, nikamalizia wali wangu, na nilikuwa na njaa kweli.

Tulitoka ukumbini jua likiwa limeshapungua na upepo wa Matogoro umeanza. Watu waliagana kwa sauti za chini. Mwalimu alisimama mlangoni pale pale pa ghala, shati jeupe, mikono ameikunja kifuani, na binti yake alikuwa amekwenda kuleta gari bila kusema naye. Bodaboda wangu alikuwa ananingoja. "Skolastika," akaniita, taratibu, watu wasisikie. "Koti langu. Sisi tunaondoka alfajiri." Nilifunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni. Nikamwambia kama alivyokuwa akiambiwa zamani, kwa upole ule ule.

"Nitaliludisha kesho, Mwalimu Lajabu."